Nyasi na Ufagio

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Komarock babu yako hajambo, mamako hajambo, hata kuku hawajambo. Mimi wasiwasi wangu ni wewe tu huko mbali. Unakula?

Umeuliza kama ukate mti unaotia kivuli ndio nyasi zishike mbele ya nyumba yako. Usikate. Nilipoolewa nilipanda nyasi kivulini, nikang'oa magugu, halafu kila asubuhi nikafagia uwanja mpaka udongo ung'ae, vile nilifunzwa kwetu. Nyasi zikafa. Mama mkwe akacheka, "Bibi arusi, jioni unapanda, asubuhi unafagia?"

Niliogopa kuitwa mvivu. Mama mkwe akauficha ufagio, na nyasi zikashika polepole, hapo hapo kivulini.

Najua unafagia, maana ni mimi nilikufunza. Niandikie haraka uniambie ufagio umeuficha wapi.

Nyanya yako