Bolti ya Chini

Jumanne, 5 Agosti
Baridi. Chai ya rangi, kisha miguu kutoka Gatwekera hadi gereji yangu, stejini Kawangware 46, kama kawaida. Breki za teksi asubuhi. Mchana nimeanza van ya marehemu Baba Linet, jirani yetu. Ilikuwa ya kubeba mboga. Ijumaa itambeba yeye mwenyewe hadi kwao Kakamega, na mkewe na watoto ndani. Kwenye matanga kila mtu alisema atatoa nini. Mimi nilisema nitatoa mikono yangu, injini haitatikisika tena. Nilisema kwa sauti. Napenda kusikika.

Mounting ya zamani, ile inayoshikilia injini, imepasuka mpira. Kesho nafunga mpya.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeharibu.

Bolti mbili ziliingia vizuri. Ya chini ilikuwa ngumu. Ilifaa niitoe, nisafishe tundu, nianze upya kwa vidole. Badala yake nikachomeka bomba kwenye spana na kuvuta. Mafundi walikuwa wanatazama, basi nikavuta zaidi. Ghafla ikawa nyepesi. Nilipoitoa, thredi zote za tundu, zile njia zinazoshika bolti, zilitoka nayo, zimejikunja kama maganda ya viazi. Tundu lenyewe ni la alumini. Najua alumini haitaki ubabe. Wanafunzi nawaambia hivyo.

Ng'ambo ya barabara yuko Akinyi, fundi mwanamke. Ana drili, ana tapu ya kukatia thredi, ana koili za chuma za kurudishia thredi. Mwaka mzima nimemwita fundi wa kucha. Nimeshamfukuzia wateja kwa mdomo wangu. Sikuvuka.

Nimekata kipande cha mkebe wa soda, nikakizungusha ndani ya tundu, nikafunga bolti. Ikashika. Nikapaka grisi juu ili isionekane. Mjinga mimi.

Alhamisi, 7 Agosti
Mama Linet alinisimamisha mbele ya watu kwenye matanga. Akalia akisema mumewe atasafiri salama kwa sababu yangu. Mchungaji akaishika mikono yangu, akaiombea. Watu wakasema amina. Nilitaka kufungua kinywa. Badala yake nikasema amina, tena kwa nguvu kuliko wote.

Nekesa, mke wangu, ananionea fahari. Siwezi kumtazama.

Ijumaa, 8 Agosti
Asubuhi nimedanganya tena. Nikasema nataka kujaribu gari kabla ya kwenda mochari kuchukua mwili. Nikaliendesha moja kwa moja hadi kwa Akinyi.

"Niaje, Protus. Leo umepotea njia?"

Nikamwambia aangalie bolti ya chini. Akaingia chini ya gari. Aliitoa kwa vidole. Kwa vidole! Siku mbili tu, gari limesimama, na ilishalegea. Kile kipande cha mkebe kikaanguka kifuani pake, rangi ya machungwa bado inang'aa.

Nilisubiri acheke. Hakucheka.

"Hii gari inabeba watoto," akasema. "Shika tochi."

Nikashika tochi. Akapanua tundu kwa drili, polepole. Akakata thredi mpya kwa tapu: mbele kidogo, nyuma kidogo, anapuliza vumbi, anarudia. Akaingiza koili. Bolti ikaingia kwa vidole hadi mwisho, ndipo akachukua spana. Hakutumia bomba. Sikuwahi kuwa na heshima ya kutosha hata ya kumwita dada. Nikamwita leo.

"Enda, wasichelewe mochari," akasema.

Nilipofika nyumbani Mama Linet akanishukuru tena. Sikumtaja Akinyi. Hata leo.

Jumapili, 10 Agosti
Wamefika salama. Wamezika. Kanisani nilikaa nyuma.

Jumapili, 17 Agosti
Mama Linet amerudi. Amenibebea jogoo kutoka nyumbani, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Anasema injini ilinyamaza njia nzima, hata kwenye milima ya Kericho, watoto wakalala. Nekesa akampika jogoo na ugali wa wimbi. Akaniwekea firigisi kwenye sahani, peke yake. Kwetu Waluhya hiyo ni ya mwanamume anayeheshimiwa.

Haikumezeka. Nekesa akauliza kama naumwa. Nikamwambia yote, toka bomba na mkebe hadi koili ya Akinyi. Kisha akaichukua ile firigisi, akaitia kwenye bakuli lenye kifuniko, akaniwekea karibu na mlango. Nikaenda kwa Mama Linet nikamwambia pia. Nilitamani anitukane. Akauliza, "Huyo dada anaitwa nani?"

Jumatatu, 18 Agosti
Miguu hadi 46, bakuli mkononi. Sikuenda kwangu kwanza. Nilivuka barabara.

Mafundi waliacha kazi kuangalia. Akinyi ni Mjaluo, lakini ameishi na Waluhya vya kutosha. Akafunua, akaniangalia.

"Si hii ni ya wanaume?"

"Ni ya fundi aliyefunga ile gari," nikasema. Wote walisikia. Masikio yaliniwaka moto.

Akala amesimama, mikono myeusi kwa grisi. Akamaliza, akajifuta mdomo kwa mkono wa ovaroli, akarudi chini ya gari. Baadaye akatoa mkono nje, akaomba spana namba kumi na nne.

Nikampa.