Harufu ya Siku ya Dripu

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimerudi mapema. Nyumba ya mteja panya wametafuna nyaya zote, nitamalizia Jumatatu. Nimemkuta mke wangu sebuleni, mchangamfu. Namwita Kidoti — kile cheusi juu ya mdomo wake bado kipo, nywele ndizo zimekwenda. Dripu ya tatu ya dawa ya saratani imeshamtoka mwilini. Jana alikula akaomba nyongeza!

Nikainama kumsalimia. Akaziba mdomo, akakimbilia chooni.

Labda chakula.

Jumapili, 16 Machi

Si chakula. Asubuhi nimempelekea chai, kabla hajaigusa akageukia beseni. Dada yake, anayekaa nasi tangu ugonjwa uanze, akamrudishia kikombe kilekile. Akanywa chote. Nilisimama nje ya mlango nikimsikia akimeza.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kliniki peke yangu, kumuuliza muuguzi wa dripu. Akanichorea. Chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, ndipo kutapika kunapoamuliwa. Njia kadhaa zinaingia hapo. Moja yatoka tumboni. Moja sikioni, ndiyo maana watu hutapika safarini. Kuna pia sehemu ndogo inayoonja damu, ikikuta sumu inapiga kengele. Dawa ya saratani nayo, sehemu hiyo huihesabu sumu. Hayo nimeyaelewa upesi, nyaya ni kazi yangu.

Njia ya mwisho yatoka juu, kwenye kumbukumbu. Hii haingoji sumu. Vidonge tunavyopewa vinaziba zaidi zile za tumbo na damu. Ya kumbukumbu ni kaidi.

Akauliza, siku za dripu nani hukaa naye. Mimi. Zote? Zote. Na hujipaka nini? Ni manukato aliyoninunulia Kidoti mwenyewe. Nayapaka siku hizo makusudi, afurahi.

Basi ubongo wake umetuunganisha, mimi na ile sumu. Ningekuwa mume mtoro, leo ningeingia chumbani mwangu bila shida. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, tunaambiwa. Huko chini ya ubongo methali hazijafika.

Ijumaa, 21 Machi

Manukato nimempa jirani. Nimeoga kwa sabuni ya kufulia, nimevaa shati jipya, nanuka kama ndoo. Kidoti alijikaza mpaka nikakaa kitandani, kisha akajikunja. Kwa hiyo si harufu tu. Ni mimi — uso, hatua zangu, ninavyokohoa mlangoni kabla ya kuingia.

Nimehamia sebuleni. Nimeumia, sitajificha hapa. Ile ya asante ya punda ilinijia kichwani, nikaifukuza kwa aibu.

Baadaye akaniita kutoka chumbani. Eti mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, ila wenzake wanakohoa, yeye anatapika. Tumecheka, kila mtu upande wake wa ukuta. Yeye alicheka mpaka akalia.

Jumatatu, 24 Machi

Muuguzi amepiga simu. Daktari ataongeza kidonge cha kutuliza hofu kabla ya dripu. Na siku hiyo mtu mwingine akae naye, ubongo wake usizidi kunifunga pamoja na dawa. Nimwendee siku njema, kidogo kidogo, ubongo wake unizoee upya. Shemeji atakaa naye. Kidoti ameitikia kwa kichwa tu. Hakunitazama.

Nimewaza kutwa nzima juu ya ngazi, koleo mkononi. Sehemu ile haina ubaya. Inamlinda. Ni kama mlinzi aliyemfukuza mwenye nyumba kwa kuwa kila mwizi alipoingia, mwenye nyumba naye alikuwa amesimama hapohapo. Namwelewa huyo mlinzi. Bado inauma.

Jumatano, 26 Machi

Naandika kwenye benchi la korido. Mlango wa chumba cha dripu umeegeshwa, naona ncha ya pazia na viatu vya shemeji. Tulipokuja nilitembea nyuma yao, mbali, kama mvuta sigara.

Shemeji ametoka. Dripu imeanza. Kidoti ananiita.

Nimemwambia amkumbushe maneno ya muuguzi. Ameingia, ametoka tena. Anakumbuka, kasema. Kutapika atatapika tu, afadhali atapike ameshika mkono wangu.

Nimesimama. Nimekaa. Nikiingia leo, je, haya yote yakiisha ataweza kulala ubavuni mwangu? Nisipoingia, anabaki na hofu yake bila mimi, na mimi niko hatua chache tu, nimeshika kalamu. Muuguzi amechungulia. Hakusema ndiyo wala hapana.

Nimeona nijaribu sauti tu. Nimesogea mlangoni, nikasema: "Nipo, Kidoti."

Beseni likaburutwa sakafuni. Nimemsikia akitapika. Nikarudi kwenye benchi, nikashika kalamu ili mikono iwe na kazi —

Anaita tena. Sauti imelowa, lakini ni yake.

"Sema tena."