Kokoto Moja kwa Baba

Mishomoroni, Jumamosi, tarehe 8 Februari. Asubuhi hii hakuna wingu. Kaskazi bado haujavuma na jasho limeanza kabla ya chai.

Kwa Baba,

Shikamoo. Huko kwetu hatusemi hivyo, najua, lakini miaka kumi na mmoja ya Pwani imenifundisha kwamba mzazi hatajiwi neno kabla ya salamu hiyo, nami leo nina neno. Mguu wako unaendeleaje? Mama ameacha kukohoa? Yule ng'ombe wa kijivu amezaa, au bado mnamngoja? Mimi mwili ni mzima. Moyo nitakueleza.

Najua macho yako hayawezi tena mwandiko mdogo, na anayekushikia barua hii ni Imani. Basi Imani, msomee babu yako yote, polepole. Usiruke mstari hata ukiona unakuhusu. Hasa ukiona unakuhusu.

Baba, mwezi wa nane nilipokuja kukuomba Imani, mtoto wangu, ili aje aanze muhula wa Januari nikiwa naye, ulinijibu mbele ya watu: "Mtoto wa nyumba hii haendi kukaa mahali ambapo hata jani la mboga linanunuliwa. Siku utakapokuwa na chakula nje ya mlango wako, nitamleta mwenyewe." Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilirudi na basi la usiku ule ule, na kitu cha kwanza nilichoandika kwenye daftari langu la kila siku ni maneno yako, neno kwa neno, na tarehe.

Hapa ninapopanga sina shamba. Nina ua wa hatua tisa kwa sita, na ardhi yenyewe ni mwamba wa matumbawe. Ukichimba kwa jembe, linarudi limepinda. Lakini kuna mwanamke Bamburi anayefuga samaki na kupanda mboga katika ua mdogo kuliko wangu, bila udongo. Nilikwenda kwake Jumapili tatu baada ya ibada, nikakaa naye na kuandika kila alichoniambia. Samaki wanakaa kwenye tangi. Uchafu wao ndio mbolea. Pampu ndogo inapandisha maji hayo hadi kwenye mapipa yaliyojaa kokoto, mboga zinaota ndani ya kokoto, mizizi inakula ule uchafu, na maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Wewe ulifuga samaki kwenye bwawa kule bondeni, kwa hiyo nusu ya jambo hili unaijua kuliko mimi.

Shida ya huku ni joto. Maji yakipata moto, hewa inakimbia, na samaki huja juu kufungua midomo. Kwa hiyo nilizika tangi hadi kiunoni. Nilivunja mwamba kwa mtaimbo Jumamosi nne mfululizo, nikitoka kiwanda cha nguo saa saba mchana nikiwa bado nina nyuzi kwenye nywele. Nikaezeka kivuli cha makuti. Nikapasua mapipa ya buluu kwa urefu. Nikakinga maji ya mvua za vuli kutoka bati la Bi Mwanaisha, mwenye nyumba wangu, kwa sababu kisima chetu kina chumvi. Umeme ukikatika, nachota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, jagi baada ya jagi, mpaka umeme urudi. Bi Mwanaisha alikuwa akiketi kizingitini na kunitazama. "Mwanangu," akaniambia siku moja, "samaki wote hawa wamejaa baharini, nawe wawalea kama mayatima?"

Nikamjibu kwamba nina mtoto nataka kumlea pia.

Ikabaki kokoto. Mwanamke wa Bamburi alinionya: kokoto nyeusi tu, kutoka kule njia ya Mazeras, si mawe meupe ya hapa. Jiwe la hapa lina chokaa. Likikaa ndani ya maji linayaharibu, na mboga hushindwa kula hata kama chakula kipo. Nililijua hilo tangu kidato cha tatu. Katika daftari, tarehe 12 Oktoba, nimeandika: "Kabla ya kujaza mapipa, kamulia kokoto ndimu. Zikitoa povu, zirudishe."

Kokoto aliniletea ndugu yangu Wafula. Ulikuwa umemtuma mwenyewe, ukamwambia awe akipita kwangu kutoka Miritini, kwa kuwa yeye anapakia malori na hawezi kukosa njia ya kunisaidia. Alikuja na lori, akazimwaga kando ya barabara, pale mlimani. Nikamuuliza, "Za Mazeras?" Akasema, "Za Mazeras, dada, nani atakuletea mawe mabaya?" Zilikuwa zimejaa vumbi, huwezi kutambua rangi. Nilizibeba ndoo kwa ndoo hadi uani, nikaziosha, na zilipotakata nikaona zina weupe. Nikajiambia ni jua.

Nimefungua ukurasa ule leo nikuandikie kwa ukweli. Mbele ya mstari wa ndimu nimeweka alama ya vema. Sikujaribu, Baba. Nilitia alama kwa sababu aliyezileta ni ndugu yangu, tumbo moja, na niliona ni aibu kumkamulia ndugu yangu ndimu mbele ya uso wake.

Samaki waliingia mwezi wa kumi na moja, perege wadogo kama kidole. Hawakufa hata wanne. Mboga zilianza vizuri: sukuma, mchicha, na mnavu kwa ajili ya Imani, maana najua anaupenda ukiungwa kwa maziwa. Wiki ya tatu majani machanga yakatoka ya manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Nikaongeza kivuli. Nikaongeza chakula cha samaki. Nikabadilisha saa za pampu. Kila badiliko nililiandika, na kila asubuhi niliandika "manjano". Wafula akaja kabla ya Krismasi, akasimama kando ya mapipa, akala ndizi, akaenda zake. Siku mbili baadaye alipanda basi kuja kwenu.

Tarehe 2 Januari ulinipigia. Hukuniuliza kitu. Uliniambia, "Wafula ameona. Mtoto atabaki." Ukakata simu kabla sijasema "Baba".

Nilikuwa nimemnunulia kitanda. Kimesimama ukutani mpaka leo.

Aliyegundua ni Bi Mwanaisha. Wiki ya nne ya Januari alikuwa uani akitia samaki ndimu kwa ajili ya kukaanga, akatupa ganda la ndimu kwenye pipa langu, kisha akainama kuliokota kwa kunionea haya. Akakaa vile vile, ameinama, akilitazama jiwe lililoguswa na ganda. Akaokota kokoto moja, akaikamulia ndimu iliyobaki mkononi. Ikatoa povu.

"Mwanangu," akasema, "hii si kokoto. Hii ni chokaa bado kuchomwa. Marehemu mume wangu aliichoma tanuuni miaka thelathini."

"Ni za Mazeras," nikamwambia.

"Za Mazeras zimepita wapi hata zikawa nyeupe, peponi?" Akaicheka kauli yake mwenyewe, kisha akauona uso wangu na akaacha. "Wewe umesoma. Hukuuona weupe wake?"

Niliuona.

Nilikwenda Miritini Jumapili iliyofuata. Nilimkuta Wafula amelala kivulini chini ya trela na wenzake wanacheza karata. Nikamuuliza kokoto zilitoka wapi. "Si nilikwambia." Nikamwonyesha moja, nikatoa ndimu mfukoni. Hakungoja nikamue.

"Lori lilikuwa linarudi tupu kutoka Bamburi," akasema. "Mazeras ni kupanda mlima bure. Kokoto ni kokoto, dada. Samaki hawali mawe."

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Mpikie supu ya kokoto, atanyamaza."

"Na Baba ulimwambia nini?"

"Aliniuliza mboga za Nafula ni za rangi gani. Nikasema manjano. Ulitaka nimdanganye mzee?"

Baba, jibu hilo nimelibeba karibu wiki mbili. Hakukudanganya. Mboga zilikuwa manjano. Ndiyo maana sikuandikii ili umkemee Wafula. Yeye ni mvivu, na uvivu wake unaujua tangu alipokuwa akifunga mbuzi kwa fundo moja. Nakuandikia wewe. Ulimuuliza yeye rangi ya mboga zangu. Mimi niliyezipanda, ninayeandika rangi yake kila asubuhi, hukuniuliza. Kwetu binti hajitolei ushahidi. Ndugu yake ndiye macho. Ulitumia macho yale yale yaliyoniletea mawe, na kwa macho hayo ukamfungia mtoto wangu mlango. Nikiwa na miaka kumi na tisa niliwaachia Imani kwa sababu sikuwa na pa kumweka. Tangu hapo kila nikipata pa kumweka, kipimo kinasogezwa, na anayekishika si mimi.

Nimetoa kokoto zote kwa mikono, mapipa matatu. Vidole havishiki sindano vizuri, na msimamizi kiwandani ameshanitazama mara mbili. Nilikwenda Mazeras mwenyewe, nikachagua nyeusi, na safari hii nilikamua ndimu tatu juu yake mbele ya mchimbaji. Aliniuliza kama mimi ni mganga. Kokoto zikabaki kimya, bila povu. Nilizijaza Jumapili iliyopita. Leo asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mnavu umetoa jani jipya. Ni kijani chote, mpaka kwenye kingo. Jani moja tu. Sitakuambia ni shamba.

Sikuombi umlete Imani muhula huu. Muhula umekwishaanza, na mtoto hahamishwi shule katikati kama kuku. Nataka likizo ya Aprili uje wewe, si Wafula, ukae kizingitini na Bi Mwanaisha na uangalie kwa macho yako, hata kama yameanza kuchoka. Ukiona chakula, utimize ulichosema mbele ya watu. Usipokuja, nitajua kwamba shida haikuwa mboga.

Nisalimie Mama, na umwambie ile leso niliyoipiga pindo ni yake. Nisalimie Senge, dada yako anayefuga kuku, na kaka mkubwa wa kinu cha kusaga unga, na mwalimu wa Imani, yule aliyeniandikia kwamba mtoto ana mwandiko kama wangu. Wafula akija kwenu Pasaka, mpe salamu zangu pia, mbele ya watu.

Ndani ya kifurushi, chini ya leso, mmekuta kokoto moja nyeupe imefungwa kwa gazeti. Ni moja ya zile. Imani, chukua limau pale kwa jirani, mpe babu yako jiwe alishike kiganjani, kisha likamulie. Ikiwa hataona povu, lisogeze sikioni kwake. Linasikika.

Ni mimi binti yako,
Nafula

Jumapili asubuhi, kabla ya kupeleka kifurushi kwenye basi: usiku wa kuamkia leo nilikesha nikiiwazia barua hii, usingizi ukanijia saa saba na dakika kumi. Saa hiyo nimeiandika pia kwenye daftari.