Miaka Saba Iliyobaki Mombasa

Entebbe

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Nakuamkia kwa heshima zote, na nataraji barua hii itakukuta magoti yamepoa na ngazi za nyumba hazikutesi tena. Mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi. Ya moyo ndiyo yaliyonishikisha kalamu, maana kwenye simu kila ukiniuliza leo nimeruka wapi, nakudanganya. Mama, huu ni mwezi wa tatu sijarusha ndege. Nimeachishwa kazi.

Kampuni ilinyang'anywa njia mbili za safari na washindani, wakubwa wakasema marubani tumezidi. Desturi yetu ni kwamba aliyeingia mwisho hutoka kwanza. Nami nina miaka tisa, kwa hivyo sikuwa na wasiwasi. Orodha ilipobandikwa nikaliona jina langu chini kabisa, chini ya watu niliowafundisha kutua. Nilipouliza, nikaambiwa miaka yangu imehesabiwa tangu nilipohamia kituo hiki cha Entebbe, yaani miwili. Ile saba ya Mombasa imebaki Mombasa.

Wamkumbuka Kazungu, rubani mwenzangu wa Kaloleni. Zamu ya kuhamishiwa huku Entebbe ilikuwa yake. Ndiye aliyekuja hapo nyumbani Ndia Kuu, mkewe ana mimba ya miezi minane, akakaa barazani kwako akaniomba niende badala yake. Wewe mwenyewe ulisema, "Nenda, mwanangu. Mtu hatolewi kwake mkewe akiwa katika hali hiyo." Nikaenda. Kabla sijasaini, mkubwa wa marubani alituita sote wawili ofisini, akaahidi kwamba miaka yangu nitaondoka nayo. Aliahidi kwa mdomo, Mama. Karatasi hakuna.

Chama chetu cha marubani kikaitisha kikao huko Mombasa, katika ukumbi mmoja Kizingo. Nilikuja asubuhi nikarudi jioni ile ile, wala sikupita nyumbani. Niwie radhi, sikuweza kukutazama usoni. Pale kikaoni mkubwa wa marubani alikana kila kitu. Nikasema Kazungu alikuwepo, aulizwe. Mwenyekiti akamgeukia. Kazungu akaitazama mikono yake, kisha akasema, "Sikumbuki vizuri."

Maneno mawili tu. Ningerudishiwa miaka yangu, wa kutoka angekuwa yeye, na kila aliyekuwa mle ndani alilijua hilo. Nilimwomba ajaribu kukumbuka, lakini kikao kikafungwa. Alinifuata hadi mlangoni akaniambia ana watoto. Nikamwambia huyo wa kwanza alizaliwa baba yake yupo kwa sababu mimi niliondoka.

Nimeomba kazi kwengine. Wote wanataka nianze upya kama rubani msaidizi, kana kwamba miaka tisa niliiota, na hata hizo nafasi bado hazijapatikana. Kwa sasa nafanya kazi ya chini hapa uwanjani, kwa watu wengine. Napima mizigo, naandika uzito, kisha napeleka karatasi kwa rubani atie saini.

Wiki iliyopita ndege iliyotoka Mombasa ilikuwa ya Kazungu. Nilipanda ngazi na karatasi mkononi, nikamkuta kwenye kiti cha kushoto, kile cha kapteni. Akaniona. Nikamwambia, "Karatasi ya mizigo, Kapteni." Akasaini bila kusoma hata mstari mmoja. Na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba rubani hasaini asichokisoma. Nikashuka, nikasimama chini ya bawa mpaka mkubwa wangu akanipigia kelele nisogee.

Nisalimie dada Fauzia, na umwambie aache kuwahadithia wanafunzi wake habari za kaka rubani. Nisalimie ami Omar, ndugu wa marehemu baba, huko kibandani kwake Marikiti, na shangazi Mwanaisha anayekuangalia ukiugua. Majirani wakikuuliza, waambie ukweli, nimechoka kuuficha.

Mke wa Kazungu akija kukuamkia na wanawe, mpokee kama siku zote. Yeye hakuwepo kikaoni. Kazungu akija mwenyewe, nyumba ni yako, fanya uonavyo.

Nakujua, Mama. Ukimaliza kusoma utataka kunipigia simu uniambie nisamehe. Nipigie, nataka kuisikia sauti yako. Lakini hilo usiniambie bado.

Mwanao,
Abdalla