Sala Niliyochelewesha Amina

Handsworth, Mei 2006

Mdogo wangu Mchungaji Byamungu,

Unasema waumini wako huko Chicago wameandamana kutetea wahamiaji, na unauliza kama kanisa linaweza kuizibia serikali njia. Daktari amenipa wiki chache tu, kwa hiyo nakujibu kwa kuungama.

Juzi asubuhi maofisa wa uhamiaji walikuja kumchukua jirani yangu Orpha na watoto wake, wawarudishe Kongo. Mwanasheria wake alikuwa bado mahakamani akiomba amri ya kuwazuia maofisa hao. Nikasimama mlangoni kwake na fimbo yangu, nikasema, "Tuombe kwanza." Mkubwa wao akavua kofia, akangoja.

Niliombea malkia wa nchi hii, mvua, hata gari lao. Akina mama wa kwaya wakafika, wakajaza barabara. Maneno yakaniishia. Mmoja wao, Mama Lucie, anayeniheshimu kama baba, akaninong'oneza, "Papa, usithubutu kusema Amina!"

Basi nisamehe, mdogo wangu. Nilifumba macho nikaanza, kwa Kiswahili wasichokijua maofisa, somo la jiografia nililowafundisha watoto wa Bukavu: "Ee Ruzizi, utokaye Kivu! Ee Lualaba, mkuu wa mito!" Wale mama, huku wakibana kicheko, wakaitikia, "Haleluya!"

Nilikuwa nimefika kwenye volkano za Goma simu ya Orpha ilipolia. Jaji amekubali! Maofisa wakaondoka mikono mitupu, na barabara nzima ikacheza, hata mimi na fimbo yangu.

Wewe ndiye mchungaji. Kama ile haikuwa sala, nieleze kwa nini ilijibiwa.

Kaka yako, anayeondoka akicheka,
Mushagalusa