Nyuki wa Januari

Plovdiv, tarehe 2 Mei

Dada yangu mpenzi Nedyalka,

Je, goti limepoa? Na shemeji bado anakoroma kama trekta? Mimi ni mzima, sura bado ile ile ya kuvunja mioyo, ila chakula hakipiti. Ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka Baba siku ya arobaini tuliipika, na mtaa mzima ulikuja.

Barua yako nimeisoma. Unasema hulali, na mkono uliotia saini karatasi za nyumba ya wazee unatamani kuukata. Uache mkono wako, dada. Nisikilize kwanza.

Unakikumbuka kisanduku cha kusikilizia nilichomtengenezea Baba masikio yalipomwisha. Nilitamba nacho mji mzima. Shule niliachia darasa la nane, lakini bodi za saketi nimechora miaka thelathini, na bodi ya kisanduku kile ilikuwa malkia wao: kapasita zote nilizipanga ukingoni, mstari mmoja, kama askari wa gwaride. Desislava, injinia wetu kijana pale karakana, aliitazama akaniuliza, "Mzee Kamen, unapamba keki au unachora bodi?" Akanieleza kwamba chipu hunywa umeme kwa mafunda ya ghafla, na kapasita ndiyo mtungi wake; mtungi ukiwa mbali, umeme hutetemeka, hata ile shaba iitwayo ardhi, njia ya umeme kurudi, hutetemeka, na mtetemo huo huingia kwenye sauti. Nilimjibu kwamba mimi nilianza kuchomelea bodi yeye akiwa kwenye nepi. Nikapima kwa mashine, taa zikawaka, nikafunga kifuniko. Sikioni sikuweka.

Ikaja Januari, theluji magotini, Baba akaanza kusema nyuki wake wanavuma. Tulimwambia mizinga imelala kwa baridi, naye akabisha hadi akalia. Daktari akasema ni uzee, nasi tukakubali. Siku tuliyompeleka nyumba ya wazee alinishika koti akaniambia, "Kamen, mwanangu, nyuki hawalali mwaka huu. Nenda kawatazame." Nilimtania kwamba nitawapelekea blanketi. Sikwenda.

Juzi wale wa nyumba ya wazee waliturudishia vitu vyake. Kisanduku kilikuwa ndani ya soksi. Nimekivaa, dada, kwa mara ya kwanza. Kinavuma. Kinavuma kama mzinga mzima wa Juni.

Nimeifungua bodi, nikang'oa kapasita moja kutoka kwenye mstari wangu mzuri na kuichomelea mguuni pa chipu. Kazi ya dakika kumi. Nyuki wakanyamaza, nikasikia saa ya Mama ukutani.

Baba hakuchanganyikiwa. Alituambia alichokisikia, na aliyemtia nyuki hao sikioni ni mimi. Saini iliyomtoa nyumbani ni yangu. Wewe uliiandika tu. Ukitaka kunitukana, nitukane. Ila ule, na ulale.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mizinga tuliyompa jirani Spas bado iko nyuma ya zizi lake. Jumapili nakwenda kuwatazama nyuki wake.

Ndugu yako asiyejua kunyamaza,
Kamen