Kompyuta Inaniona Kiziwi

Jumanne, 3 Machi
Nimefungua kompyuta nichape mtihani wa Darasa la Sita — tangazo la vifaa vya masikio. Nikafungua habari — masikio tena. Hali ya hewa — bibi anacheka, kidude nyuma ya sikio: "Usipitwe na sauti za uwapendao." Mimi! Ninayemsikia mwanafunzi akimenya pipi dawati la nyuma! Nimemlalamikia mume wangu. Alikuwa na gazeti lake. Kasema asante, chai hiyo inatosha. Baba Pacha akishika gazeti, hata paa lianguke.

Jumatano, 4 Machi
Nimempigia shemeji, mume wa dada, fundi kompyuta. Kasema ni kuki. "Si za kula, shemeji," akaniwahi. Ni vijifaili vinavyoachwa na tovuti. Vingine vinajificha, vinakufuata uendako na kupeleka umbea kwa wenye matangazo. Ndani ya nyumba yangu! Mlango nafunga makomeo mawili, kumbe wageni wamejaa sebuleni.
Kasema kuzifuta ni dakika tano. Dakika tano za fundi tunazijua.

Ijumaa, 6 Machi
Nimefuta! Mipangilio, faragha, futa zote, na historia pia. Kuki 1,412. Sasa barua pepe hainijui, mfumo wa shule haunijui, kila mahali naulizwa nywila. Lakini masikio — kimya! Nimetangaza ushindi mezani. Baba Pacha kaitikia kwa kichwa: kweli, joto limezidi.
Nimecheka mwenyewe. Mume wangu ni mwalimu wa kwaya, kichwani ana sauti nne muda wote. Yangu, ya tano, haipati kiti.

Jumapili, 8 Machi
Yamerudi. Shemeji kaniambia kuki hazizuki zenyewe, kuna mtu anaingia huko. Niangalie orodha na historia kabla ya kufuta.
Nimeangalia. Kliniki ya masikio. Kliniki nyingine ya masikio. Jaribio la kupima usikivu nyumbani — mara saba. "Mwanamuziki anapoanza kupoteza kusikia." Zote jana asubuhi, mimi nikiwa kikao cha wazazi. Na mapacha wako bweni. Tumebaki wawili tu humu ndani.
Wiki nzima nawasaka wapelelezi. Mpelelezi ni mimi.
Na miezi yote hii nimemwita Baba Pacha mkaidi! Mbele ya watoto!

Jumanne, 10 Machi
Dukani nimekutana na mama mmoja wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Baba Pacha. Sifa tele! Siku hizi mwalimu kawa mpole, hata wakikosea anawaachia, anatabasamu tu. "Tunaimba kwa raha, mama, sijui umemlisha nini!" Nikacheka naye. Chumvi niliyofuata nimeisahau.

Alhamisi, 12 Machi
Shemeji kaleta programu ya kuzuia kuki zote. Hutaona tena tangazo hata moja la masikio, kasema. Nimemwambia aache kwanza. Kanitazama. "Si ulikuwa unalia nazo?" Nimesema nimezizoea. Kaondoka akitikisa kichwa: mwalimu mzima!
Mara tatu nimejiandaa kumwambia Baba Pacha. Nimwambieje bila kupaza sauti?

Jumamosi, 14 Machi
Kikao kimeahirishwa, nimerudi mapema. Naandika nimesimama ukumbini, daftari juu ya mkoba. Yuko sebuleni mbele ya kompyuta, amenipa mgongo. Kwenye skrini: "Bonyeza ukisikia mlio." Sauti kaifungulia mpaka mwisho. Mlio naupata mimi huku mlangoni, mwembamba kama wa mbu. Kidole chake kiko juu ya kitufe. Kinasubiri. Mlio. Hajabonyeza. Mwingine. Kainamisha kichwa karibu na spika, kafumba macho, kama anavyofanya kwaya ikianza.
Nimemwita. Taratibu. Nimemwita tena.
Nikimgusa bega, atajua nimeona. Nikitoka nikarudi kwa kishindo, atafunga ukurasa na kuniuliza habari za kikao. Viatu nimeshavivua. Mlio mwingine — huu ni mzito zaidi, huu labda ataupata —